Miyenzi Kando ya Matete

Bukavu, 14 Agosti 2023

Mama Noella,

Kosa wanalofanya watu wengi wakisimama kando ya yale matete yetu ni kudhani kwamba wanatazama ardhi iliyoharibika. Wanaona maji ambayo si ziwa na udongo ambao si shamba, basi wanasema: pamwagwe kifusi, papone. Lakini pale hapaumwi. Matete ndiyo yanayozuia tope la milimani lisishuke lote ziwani. Ndimo samaki aina ya ngege wanamolea watoto wao. Ndimo misambi, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani, wanamojenga viota mvua zikianza. Ukipajaza kifusi, tope litatafuta pengine pa kulala, na pengine hapo ni Kimanga, ndani ya nyumba za watu. Mafuriko tumeshayaona, huna haja ya kusimuliwa.

Najua umeanza kucheka: “Baba Noella huyo, ameanza.” Ndiyo maana nimechagua kuandika. Kwenye simu hunikata katikati ya sentensi na kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Nyonga inapona polepole, Noella ananitunza vizuri, na daktari anasema tusubiri.

Sasa jambo lenyewe. Ile kampuni inayotaka kujenga hoteli na bohari ya saruji imeomba serikali iipe Matete yote, kinamasi chetu kizima, kutoka barabarani hadi ufukweni. Tume ya ardhi itakuja mwanzoni mwa Oktoba. Itatembea, itatazama, itawauliza wakaaji, kisha itaamua. Ikikubali, hatuna pa kurudi. Mimi sitakuwepo. Atakayeitembeza ni Candide wa Nyamianda, kwa kuwa wamama wanaokata matete wamemchagua awe msemaji wao.

Candide ana sauti, hilo siwezi kumnyima. Akisema “twende”, watu wanakwenda. Anatangulia kwa hatua ndefu, kitambaa kimemwangukia mabegani, anacheka, na ndege wote wanaruka kabla hajawafikia. Kila chenye miguu mirefu anakiita korongo. Nimemsahihisha mara nyingi, naye hucheka tu. Lakini wanamfuata. Mimi niliyewapeleka wanafunzi pale miaka yote ile, nikiwafundisha kusimama kimya... Basi, ndiye atakayetangulia.

Nakuomba umpelekee darubini yangu. Imo sandukuni, chini ya koti. Mwambie vioo hufutwa kwa pamba laini, si kwa ncha ya kitenge.

Mumeo,
Jean-Berchmans


Songo, Uvira, 23 Agosti 2023

Baba Noella,

Barua yako nimeipokea mkononi mwa Jean-Marie dereva, nikaisoma nikitafuta jina langu. Nimejikuta juu, kwenye salamu, na hata pale umeandika jina la mtoto. Candide yeye yumo tele. Hatua zake zimo, kicheko chake kimo, hadi kitambaa chake kinavyoanguka mabegani! Mtu amelala Bukavu na nyonga mbovu, anakumbuka kitambaa cha mjane wa Nyamianda. Haya, niambie: kile nilichokufungia chakula cha safari kilikuwa rangi gani?

Na darubini. Ile niliyokatazwa kuigusa nikiwa na unga mikononi. Ile iliyomliza Noella alipokuwa mdogo, kwa kosa la kuichungulia upande usio wake. Leo apelekewe Candide, tena na maelezo ya pamba! Bado imo sandukuni, na ufunguo ninao mimi.

Candide mwenyewe alikuja Jumamosi. Sikumpa kiti.

“Mama Noella, Mwalimu hakuniachia kitu?”

“Kitu gani?”

“Minye sijui. Labda ile miwani yake ya ndege.”

“Mwalimu iko na miwani ya kusomea tu.”

Akacheka, mtaa mzima ukamsikia. “Haya, bibi ya Mwalimu. Ukiiona, utaniita.”

Bibi ya Mwalimu. Kama vile mimi ni mlinzi wa mlango wako.

Lakini usinionee huruma, sikai peke yangu. Marcellin wa kwaya, yule anayefanya kazi na kampuni, alikuja kutupigilia bati lililoachia. Alipanda juu ya nyumba yeye mwenyewe. Aliposhuka akaketi kwenye kiti chako, maana kile kingine kimevunjika mguu. Akala bugali na samaki wa mukeke, akaniuliza habari zangu, hata za tumbo langu. Hakunieleza kitu chochote. Alinisikiliza.

Florentine


Bukavu, 31 Agosti 2023

Florentine,

Nimeandika jina lako, uone kwamba nalijua. Kitambaa cha safari kilikuwa cha kijani.

Bati lile nililipigilia mimi, kwa misumari mirefu, na upepo wa Agosti hauna nguvu ya kuling'oa. Kiti kingine hakikuwa kimevunjika nilipoondoka. Sisemi neno, naeleza tu hali ya vitu.

Ngoja nikueleze pia jambo moja la yule ndege mnandi. Umemwona akisimama juu ya mti mkavu, mabawa ameyatandaza, mweusi na mtulivu kama padri anayebariki. Watu hudhani anasali. Anakausha manyoya, apate kuzamia tena. Basi mtu wa kampuni akipanda juu ya nyumba ya mwenzake na kutandaza mikono, usimtazame mabawa. Jiulize samaki wako wako wapi.

Kuhusu Candide, huelewi. Simuwazi namna hiyo unayodhani. Namuwaza asubuhi tu, saa ile yangeyange wanapotoka matetini na kuelekea ziwani kama shuka nyeupe iliyokung'utwa. Najiuliza kama ameshafika, kama amesimama pale pale nilipozoea kusimama mimi. Najaribu kuwaza kitu kingine, nashindwa. Noella husema chai yangu inapoa.

Mpe darubini, tafadhali. Tume haiwezi kukaribia viota, lazima ivitazame kutoka mbali. Nisaidie katika hilo moja.

Na umeandika kwamba Marcellin alikuuliza hata tumbo. Tumbo lako lina nini? Mbona mimi hukuniambia?

Jean-Berchmans


Songo, 13 Septemba 2023

Baba Noella,

Kitambaa kilikuwa cha njano.

“Namuwaza asubuhi tu.” Umeliandika kwa mkono wako, na wino mzuri. Nimelisoma jikoni, bugali ukaungua. Mwanamume mwingine angesema uongo kwa heshima ya mkewe. Wewe unaeleza hadi saa!

Lakini sikukaa kulia. Nimefanya jambo, nawe utanishukuru.

Wewe ni mtu wa shule, mimi ni mtoto wa mkulima wa uwanda wa Ruzizi. Kwetu, kabla mtoto hajajua kuhesabu, anajua hili: shamba lisilo na miyenzi ni la yeyote anayepita. Unakata tawi la muyenzi, unalichomeka ardhini, linashika bila kubembelezwa. Ukilivunja linatoa maziwa meupe yanayowasha macho. Ng'ombe haupiti, na jirani akiuona hana la kubisha, anajua mpaka uko hapo. Baba yangu hakuwahi kugombana na mtu, kwa sababu miyenzi yake iligombana kwa niaba yake.

Marcellin ndiye aliyenikumbusha. Alisema: “Mama Noella, fasi yenye haina miyenzi haina mwenyewe. Leo Candide anasema Matete iko yake na wamama yake. Kesho watoto yake batasema iko ya mama yabo. Na Mwalimu mwenye alichunga ile fasi tangu zamani, jina lake itabakia wapi?”

Nilimjibu kwamba jina la Mwalimu si la kupotea nikiwa hai.

Maji yameshuka sana kiangazi hiki, ukingo wote wa juu ni mkavu. Marcellin akaleta vijana na mizigo ya matawi. Tukachomeka kuanzia barabarani hadi kwenye mkondo unaoingia ziwani. Nilisimama pale na kofia yako kichwani. Kila aliyepita aliuliza kiwanja hiki ni parseli ya nani, nami nikajibu kwa sauti: “Ya Mwalimu Ngendakumana.” Nyamianda yote imesikia, na Songo pia.

Candide alifika tukimalizia, pamoja na wamama wake. Akasimama, mikono kichwani. Kisha akasema polepole: “Mama Noella, umetuua.”

Nikamwambia: “Sijakuua, nimekufukuza. Ujue tofauti.”

Wenzake hawakucheka. Nilicheka mimi.

Sasa atembee kwa hatua ndefu anavyotaka, anatembea kwako. Na wewe kila asubuhi, badala ya kumuwaza yeye, uwaze nani alikupandia miyenzi. Niambie asante.

Florentine


Bukavu, 18 Septemba 2023

Florentine,

Ing'oe yote.

Nimekupigia simu tangu asubuhi, hujibu. Basi soma.

Nilikueleza tope, ngege na misambi, nikaacha jambo moja nililodhani kila mtu analijua. Ardhi ile ni ya serikali. Maadamu ni matete na maji, hakuna mtu wa kuiuza, na hiyo ndiyo kinga yake ya pekee. Tume haiji kutazama ndege. Inakuja kutafuta alama za mtu: shamba, nyumba, uzio. Ikikuta miyenzi itasema hapa pameshashikwa, hapa ni parseli. Penye parseli pana mwenyewe, na mwenyewe hununuliwa. Kampuni haitahitaji tena kushindana na wakaaji wote. Itashindana na mimi. Nikikataa kuuza, itauliza mbele ya watu: kama mwalimu wa ndege amejikatia kiwanja humo, sisi tunanyimwa kwa sababu gani? Nami sitakuwa na jibu.

Marcellin alilijua hilo. Mtu hakuletei mizigo ya matawi kwa mapenzi ya jina la mumeo. Alihitaji mkono wa nyumba yangu uyachomeke, akaupata wako, akaupata kwa kuketi kwenye kiti changu.

Ukiing'oa, usiyatupe matawi majini. Maziwa ya miyenzi huua samaki. Yachomwe mbali, nchi kavu, upepo ukiwa umetulia.

Candide, pamoja na kelele zake zote, asingefanya hivi.

Jean-Berchmans


Bukavu, 29 Septemba 2023

Mama Noella,

Simu yako inaita hadi inachoka. Jean-Marie anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukamrudishia bahasha tupu na kumwambia: “Jibu ni hilo.”

Anasema pia kwamba kila anapopita anaona pikipiki ya Marcellin mlangoni. Sikumuuliza, alisema mwenyewe. Kisha nikamuuliza ilikuwa imeegeshwa ndani ya ua au nje, na kama injini ilikuwa moto au baridi, akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Nilikuwa nimeandika hapa ukurasa mzima juu ya dume wa bata anayemwacha jike kiotani, nimeuchana. Haukuhusu bata.

Mstari wa mwisho wa barua yangu iliyopita, nisingeuandika leo.

Noella amesikia redioni kwamba tume inafika Uvira Jumanne. Sijui kama miyenzi imesimama au imeng'olewa. Sijui upo upande gani. Nikifunga macho naona ukingo wa Matete, na Candide yuko mbele, na mke wa mtu fulani ameketi uani na mtu wa kampuni, na mimi simo mahali popote.

Niandikie hata matusi. Kiti changu kinakaliwa na nani?

Jean-Berchmans


Songo, Jumatatu alfajiri, 2 Oktoba 2023

Baba Noella,

Soma ukiwa umesimama. Noella ameniambia unaweza.

Nilimpigia ile siku niliyopokea barua yako ya “asingefanya hivi”. Nilitaka kuuliza kama baba yake amepoteza akili. Mtoto akaropoka: daktari alikuruhusu mwanzoni mwa Septemba. Unapanda hadi soko la Kadutu na fimbo yako na kurudi. Nyonga inayopanda Kadutu inashindwaje kushuka Uvira? Nikasema moyoni: wamepanga. Candide atamfuata huko huko Bukavu, kila asubuhi watawaza pamoja.

Nilikaa na hilo moyoni hadi Ijumaa iliyopita, ndipo nikafungua sanduku. Nikaichukua darubini, nikaenda nayo Nyamianda hadi uani kwa Candide. Alikuwa anafunga miganda ya matete. Nikamtupia mapajani.

“Shika! Na mwenye nayo umchukue vilevile.”

“Mwenye nayo nani?”

“Usijifanye. Anakuwaza kila asubuhi, ameniandikia.”

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akaketi juu ya mganda. “Mwalimu? Aniwaze minye? Mama, Mwalimu hanipendi hata kama samaki ya kuoza! Tangu wamama banichague, hajanisalimu. Akinikuta mu njia anageukia ziwa. Siku ya mkutano nilisema ‘korongo’, akasimama mbele ya batu bote: ‘Si korongo, Mama, ni yangeyange.’ Nikitembea mu tope anangoja nianguke. Weye huoni? Iko na wivu. Wivu kama ya mwanaume mwenye bamenyang'anya bibi.”

Nilikuwa na barua zako zote kwenye mfuko wa kitenge. Nikazisoma tena pale pale, kwa sauti, na Candide akisikiliza huku anafunga miganda yake. Ilikuwa kweli. Kile nilichosoma kama mapenzi kilikuwa chuki ya mtu aliyepokonywa. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuutambua wivu wako, Jean-Berchmans, kwa sababu wangu unapiga kelele zaidi. Humtaki Candide. Hutaki asimame uliposimama. Na hurudi nyumbani kwa sababu miguu yako haiingii tena matopeni, na ukirudi utakuwa mtu wa kufuata nyuma.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Mwanamke ningempiga. Kinamasi utakipiga wapi?

Candide akaniuliza: “Sasa miyenzi?”

Nikamwambia nimeipanda kwa ajili yake. Akasema ameliona hilo, hajawahi kupewa zawadi kubwa hivyo.

Jumamosi tuliing'oa. Wamama wote walikuja, mikono tumeifunga mifuko ya plastiki kwa ajili ya maziwa. Tumechoma kila tawi nchi kavu, upande wa barabara, kama ulivyoagiza. Candide alikuwa anavuta mbele yangu na kunipigia kelele: “Mukemwenza, vuta! Ulichomeka kwa hasira, sasa ng'oa kwa hasira!” Nikamwambia asinizoee. Bado simpendi. Kile kitambaa kweli kinamwangukia vizuri, na nadhani anajua.

Darubini hakuitaka, anasema macho yake mazima. Nimebaki nayo mimi. Nimetazama nayo misambi wawili: mmoja anainama, mwingine anaruka na mabawa wazi, kisha wanapokezana. Nilitazama muda mrefu, na unga ulikuwa mikononi. Usinieleze walichokuwa wanafanya.

Marcellin amekuja mara nyingi, ndiyo. Alitaka nimwambie kwamba utakubali kuuza. Kiti chako nimekiingiza chumbani tangu siku ya barua yako, na yeye ameongea akiwa amesimama mlangoni kila alipokuja. Alipoona tumeng'oa, alibadilika. Jana baada ya misa alisema mbele ya watu, kwa ile sauti ya kwaya: “Kung'oa miti si kung'oa haki. Mama Noella mwenyewe alisema iko parseli ya Mwalimu, Songo yote ilisikia. Itabakia yake mpaka Mwalimu aseme hapana. Na Mwalimu haiko.”

Mashimo yanaonekana mstari mzima, kama ufizi uliong'olewa meno. Tume inaingia Matete kesho, itauliza mashimo haya ni ya uzio wa nani, na kila mdomo utataja jina lako, kwa sababu mimi nililipiga kama ngoma. Mimi siwezi kukana kwa niaba yako. Wamama hawawezi. Kama hupo, Marcellin atasema mwenyewe yuko Bukavu, tutakubaliana naye huko, na kifusi kitaanza kumwagwa kabla mvua hazijakolea.

Ni wewe tu unayeweza kusimama pale na kusema: si yangu, haijawahi kuwa yangu.

Najua ninachokuomba. Utasema hivyo mbele ya Candide. Yeye atatangulia na tume, wewe utakuwa nyuma na fimbo. Atawaita yangeyange korongo mbele ya watu wa serikali, nawe utanyamaza. Nitakuwa kando yako. Nikikuona unafungua mdomo kumsahihisha, nitakukanyaga mguu ule mzima.

Jean-Marie amesimama mlangoni kwako. Nimemwambia asiondoke hadi umalize kusoma, naye anageuza gari kurudi Uvira mchana huu. Vaa viatu, upande gari lake leo.

Florentine